Fisi Aliyekula Daraja la Mji

Hadithi iko mlangoni. Iingie?

— Iingie.

Ina matope miguuni.

— Iingie na matope yake.

Haya, sogeeni. Wewe uliyenyoosha miguu kama mkeka ni wa babako, kunja. Sisemi mara mbili. Asiyesikia atamwuliza mwenzake, na mwenzake atamdanganya.

Zamani, zamani sana, wanyama walikuwa na mji wao. Si pori, mji. Walikuwa na soko, walikuwa na jumbe, walikuwa na majirani wabaya, kila kitu kinachofanya mji uwe mji.

Mji huo ulipakana na korongo. Huku nyumba, kule ng'ambo malisho na chumvi, na ukoo mwingine wa wanyama. Korongo lenyewe lilikuwa refu kwenda chini. Ukidondosha kibuyu, unakisahau kabla hujasikia kimefika.

Juu ya korongo palikuwa na daraja. Kamba nene huku na huku, na magogo yamelazwa, gogo baada ya gogo, mpaka ng'ambo. Toka sokoni hadi darajani palikuwa na njia. Katikati walipita wakubwa, akina Nyati na Tembo. Pembeni palitandazwa mawe bapa, wakapita wenye miguu mifupi, asije mtu akamkanyaga Kobe halafu akasema hakumwona. Na penye njia panda palisimama mawe marefu yaliyopakwa rangi nyekundu. Jiwe moja lilionyesha darajani. La pili lilionyesha kivukoni, kule chini korongo linakokwisha. La tatu lilionyesha kwa Mamba, ili watu wasiende.

Sasa, vitu hivyo havijitengenezi. Nyinyi mnadhani njia huota kama uyoga. Jua linapiga, mvua inapiga, mchwa wanakula. Kila mwaka zinatakiwa kamba mpya, yanatakiwa magogo mapya, mawe yainuliwe, rangi ipakwe. Kamba zilisukwa na akina Mnana, wale ndege wanaosuka viota. Magogo yalibebwa na Ngiri. Na fundi hafanyi kazi kwa kushiba upepo. Kwa hiyo kila baada ya mavuno kila nyumba ilitoa pishi ya mtama, ikamiminwa katika kihenge cha daraja, na mafundi wakala humo mpaka kazi ikaisha.

Kihenge kilitaka mlinzi. Jumbe wa mji alikuwa Nyati. Nyati ana kichwa kikubwa, nami sisemi zaidi. Akaita baraza.

"Nani atalinda nafaka ya daraja?"

"Mimi," akasema Panya.

Watu wakamtazama. Akaketi mwenyewe.

"Mimi," akasema Ngedere.

"Wewe mahindi ya mama yangu bado unayo mashavuni," akasema Ngiri.

"Basi mimi," akasema Fisi.

Jumbe Nyati akafikiri. Nyati akifikiri, anaonekana kabisa kwamba anafikiri.

"Fisi hali mtama," akasema mwishowe. "Nani amewahi kumwona Fisi akila mtama?"

Wakaulizana. Hakuna aliyewahi kumwona. Wakafurahi sana. Wakampa Fisi kihenge, wakarudi majumbani wakijiona werevu.

Ni kweli, Fisi hali mtama. Lakini pale sokoni palikuwa na Kunguru, na Kunguru hula kila kitu, na kila mfupa uliomo mjini anajua umezikwa wapi. Fisi akampelekea Kunguru mtama, Kunguru akamwonyesha Fisi mifupa. Hapakuwa na aliyeona kosa. Mlinzi ananenepa, watu wakasema kazi imempenda.

Mwaka wa kwanza Fisi alichota kidogo. Kilichopungua kilikuwa cha kupaka rangi yale mawe ya njia panda. Mvua ikayaosha, majani yakayafunika, moja likaanguka kifudifudi.

Mnana akaenda kwa Fisi. "Mzee Fisi, mawe ya njia panda hayaonekani."

"Mwaka huu yanapumzika," akasema Fisi. Kisha akasimama barazani akauliza watu: "Jamani, kuna mtu humu asiyejua njia ya kwao?"

Watu wakacheka. Wakaenda zao.

Mwaka wa pili alichota zaidi. Mawe bapa ya pembeni yakazama, mengine yakainuka upande kama meno mabovu. Kobe akajikwaa, akapinduka, akalala chali toka asubuhi mpaka jua lilipomkaanga. Alipoinuliwa akaja barazani.

"Njia yetu imekufa," akasema.

"Inapumzika tu," akasema Fisi. "Na wewe Kobe unalalamika nini? Nyumba unayo mgongoni. Ukianguka, umeshafika nyumbani."

Watu wakacheka. Wakaenda zao. Aliyecheka kuliko wote ni Kanga. Kabla mwezi haujakwisha, vifaranga wake wawili walikanyagwa na Tembo, kwa kuwa walikuwa wakipita katikati, kwa kuwa pembeni hapapitiki. Tembo akasema hakuwaona. Kanga hakuja tena barazani kucheka.

Mwaka wa tatu Fisi alikula kihenge chote.

Mnana akaja. "Mzee, kamba za daraja zimechoka. Na gogo la katikati silipendi linavyolia."

"Mwaka huu daraja linapumzika."

"Daraja likipumzika, mzee, hupumzikia chini."

"Wewe ndege, una mabawa. Daraja linakuhusu nini?"

Mnana akaenda kwa Jumbe. Akamweleza yote, la kamba na la gogo. Jumbe akasema atakwenda kujionea mwenyewe.

Fisi aliposikia hivyo, akachukua chokaa. Akachanganya chokaa na maji, akashuka darajani na fagio, akapaka. Akapaka kamba, akapaka magogo, akapaka kila kitu kilichokaa tuli. Alipofika katikati, mguu wake wa nyuma ukazama ndani ya gogo mpaka gotini. Akautoa polepole. Akachungulia. Lile gogo lilikuwa gamba tupu, ndani mchwa walikwisha lima na kuvuna. Akatia udongo, akatia majani, akasawazisha, akapaka chokaa juu. Kisha akarudi kwa kunyata.

Jumbe akaja. Akasimama huku mwanzoni, maana yeye majani yake yako upande huu na ng'ambo hana shida nako. Akatazama. Daraja likang'aa kama jino la mtoto.

"Mnana," akasema Jumbe, "mbona jeupe?"

"Jumbe, nimesema bovu. Sikusema jeusi."

"Limetengenezwa. Macho ninayo."

Mnana akakusanya wanawe, akaruka, akahamia ng'ambo. Fundi akiona haulizwi, huhama.

Na watu je? Watu walilipenda. Wageni wakija walipelekwa kuliona. "Mji wetu una daraja jeupe," wakasema. Wakavuka mmoja mmoja, na mzigo mdogo, na bahati. Bahati ni rahisi kuliko kamba, lakini haipimwi urefu.

Fisi yeye hakuvuka tena. Akiulizwa alisema, "Ng'ambo nina nini?"

Alikuwa na binti, Fisi huyo. Jina lake Sikudhani. Na ng'ambo kulikuwa na ukoo wa fisi wenye heshima zao, na kijana wao alimwona Sikudhani akilamba chumvi, na hayo mengine mnayajua bila kufundishwa. Wakamtuma mshenga, naye alikuwa Nguchiro, mwepesi wa miguu na wa mdomo. Posa ikapelekwa, ikapokelewa. Mama Sikudhani akaanza kupika.

Sasa sikilizeni desturi ya mji ule, maana hapo ndipo Fisi aliponasa. Biharusi wa mji ule aliyeolewa ng'ambo hakuvuka daraja hivi hivi. Kwanza alivuka babake. Baba alikwenda mpaka gogo la katikati, akasimama, akakanyaga kwa kishindo, mara moja, mara mbili, mara tatu, akasema, "Mwanangu, njia hii nimekupa." Ndipo binti akafuata na ngoma. Baba asipokanyaga, maana yake hataki ndoa, na wakwe hurudi kwao wakiwa wametukanwa. Iliitwa kumkanyagia mwana njia.

Fisi alipokumbushwa hilo, mfupa uliokuwa mdomoni ukadondoka.

"Mama Sikudhani," akasema, "mguu unaniuma."

"Upi?"

"Wote."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Sitaweza kwenda darajani. Wasamehe tu hiyo desturi."

"Utabebwa," akasema mkewe. "Nimeshasema na Ngiri. Atakubeba mpaka katikati, akushushe ukanyage, akurudishe. Na kama huwezi kukanyaga, atakanyaga yeye nawe uko mgongoni."

Fisi akamfikiria Ngiri alivyo mnene. Akajifikiria na yeye alivyo sasa, baada ya ile miaka mitatu. Akasimama, akarukaruka.

"Unajua, umepona," akasema.

"Najua," akasema mkewe. "Hata haukuuma."

Hiyo ilikuwa hila ya kwanza.

Akamwita mshenga. "Nguchiro, mdogo wangu. Mimi nataka mwanangu apite kivukoni, kule chini. Ukoo wetu wa asili ulipitia kivukoni. Darajani ni mambo ya juzi."

"Ukoo wenu wa asili, mzee, hakuna anayeujua. Lakini sawa. Kivukoni nako baba huingia majini akakanyaga. Nitakwenda kuitazama njia."

Nguchiro akaenda. Akafika njia panda. Akatafuta jiwe la kivukoni, akaona majani. Akatafuta jiwe la kwa Mamba, akaona majani. Jiwe moja limelala kifudifudi, hujui lilikuwa likionyesha wapi. Akachagua njia iliyompendeza.

Alirudi jioni, amelowa, na mkia umepungua.

"Umepaona kivukoni?" akauliza Fisi.

"Nimemwona Mamba."

"Hajambo?"

"Hajambo. Ameniamkia mkiani." Nguchiro akajipangusa. "Mzee, mimi mshenga, si kitoweo. Huko sirudi, na biharusi hapiti. Darajani kuna nini? Daraja jeupe, zuri, wewe mwenyewe ulilipaka."

Hiyo ilikuwa hila ya pili, na gharama yake alilipa Nguchiro. Hila za wakubwa huwa hivyo.

Fisi akakaa. Akafikiri. Akasema, "Basi waje wao. Wavuke waje huku, harusi tuifanyie kwangu, wakae siku nyingi, nitawalisha. Kurudi kwao tutakuona huko mbele."

Mmesikia alivyofikiri? Watakaolikanyaga daraja watakuwa watoto wa wengine. Likivunjika, litavunjika na ukoo wa watu, na mwanawe yuko nyumbani amepakwa hina. Hakulisema hilo, wala mkewe hakulijua. Lakini alilifikiri, akalala usingizi.

Nguchiro akavuka, akapeleka neno. Watu wa ng'ambo wakasema, "Kumbe wakwe zetu ni wakarimu," wakajipanga.

Siku ikafika. Mji mzima ulishuka darajani. Jumbe Nyati alikuwapo, amejipaka tope jipya. Kobe alitoka kwake jana yake ili awahi. Mama Sikudhani alikuwa na masufuria yake, biharusi yuko katikati ya wanawake, amejifunga kanga mbili. Upande wa pili wakatokea watu wa ng'ambo, wengi, wazee kwa vijana, na ngoma tatu kubwa, kila moja imebebwa na wanne. Mbele yao alikuwa shangazi wa bwana harusi, Bi Kijakazi, fisi mzee mwenye sikio moja.

Bi Kijakazi akafika mwanzo wa daraja. Akasimama. Na wote nyuma yake wakasimama.

"Piteni, wakwe," akasema Fisi.

"Hatupiti," akasema Bi Kijakazi. "Hatujauona mguu wa baba."

"Ah, hayo ni ya kumtoa biharusi. Leo nyinyi ndio mnaokuja."

"Tunakuja kumchukua. Njia ya kuja ndiyo ya kwenda. Kanyaga, mkwe wangu, jua linapanda, na mimi nimekula jana."

Watu wakacheka. Safari hii hawakwenda zao.

Fisi akatazama nyuma. Mkewe anamtazama. Akatazama mbele. Ng'ambo inamtazama. Akaweka mguu gogo la kwanza. Akaweka gogo la pili. La tatu likashusha pumzi kama mgonjwa, na chokaa ikadondoka chembe chembe, ikaenda chini, na yeye akaitazama inavyokwenda. Akarudi kinyumenyume mpaka ardhini.

"Nimesahau kofia," akasema.

"Fisi havai kofia," akasema Jumbe. Ndilo neno la maana alilosema mwaka ule.

Bi Kijakazi akainua sauti, si kwa hasira, bali ili wote wasikie. "Basi tumeelewa. Mkwe wetu hataki. Mwana wetu tumemlea vizuri, hatukumwokota. Nguchiro, chukua salamu zetu za mwisho. Geuzeni ngoma."

Wakaanza kugeuza ngoma. Wanawake wa huku wakashika midomo.

Hapo Sikudhani akatoka katikati ya wanawake. Hakulia. Alikuwa na uso wa mamake.

"Baba, unanikanyagia au hunikanyagii?"

Fisi akakwaruza udongo.

"Una kinyongo na mume wangu?"

Fisi akalitazama gogo la katikati.

"Basi nitajikanyagia mwenyewe," akasema, akampita.

Akakanyaga gogo la kwanza. Akakanyaga la pili. Akatembea kama mtu aliyeudhiwa anavyotembea, kisigino kwanza. Daraja likaanza kucheza. Ng'ambo wakaona, wakasimamisha ngoma, wakaanza kupiga vigelegele, maana halijaonekana bado jambo kama hilo, biharusi kujikanyagia. Na gogo la katikati lile pale, jeupe, linamngoja.

Fisi alikwenda mbio. Yeye mwenyewe hakujua kama miguu yake imeamua. Akamfikia, akauma pindo la kanga, akashika.

"Niache, baba."

Hakuacha. Mnaijua taya ya fisi. Kitu ikishakishika haikiachii, hata ukimpiga na mchi.

"Baba, niache. Umenitia aibu ya kutosha."

Akavuta mbele. Baba akavuta nyuma. Kanga ikaanza kuchanika. Na Fisi akaona: akiendelea kushika, kanga itachanika na mtoto ataangukia mbele, palepale katikati. Akitaka kusema, lazima afungue mdomo. Akifungua mdomo, lazima amwachie. Tangu azaliwe hakuna kitu alichowahi kukiachia kwa hiari yake.

Akafungua mdomo.

"Usikanyage hapo," akasema. "Lile gogo ni chokaa tupu. Daraja hili nimelila mimi."

Sikudhani akasimama, mguu mmoja juu.

"Umelila vipi?"

"Kidogo kidogo. Rudi polepole, mwanangu. Usigeuke, rudi kinyumenyume. Kanyaga palepale ulipokanyaga."

Wakarudi, yeye nyuma, binti mbele, gogo kwa gogo. Walipofika ardhini, Kobe, ambaye hakuwa na haraka na maisha, akamwambia Ngiri, "Tupa jiwe."

Ngiri akatupa jiwe, si kubwa, la ukubwa wa boga. Likatua katikati. Gogo likavunjika kama mkate mkavu, likaenda, na yaliyo jirani yakalifuata, na kamba ya upande mmoja ikakatika ikaning'inia. Vumbi jeupe likapanda kutoka korongoni, likawapaka wote waliosimama mbele. Baadaye sana, chini kule, kikasikika kishindo kidogo.

Bi Kijakazi alikuwa wa kwanza kusema. Alisema taratibu.

"Mkwe wangu. Mimi na wajukuu zangu na ngoma tatu, ulituita tupite hapo."

Fisi akatazama chini. Kuwaita wapite hapo kulikuwa kubaya kuliko kulila daraja, na kila mtu alilielewa hilo.

Vijana wakasema naye atupwe alikokwenda jiwe. Jumbe akasema ni mchwa, mchwa ndio waliokula daraja, waitwe mchwa. Akaitwa mchwa mmoja mzee.

"Sisi tunakula mti uliosahauliwa," akasema mchwa. "Ndiyo kazi yetu tangu dunia. Muulizeni aliyesahau, na wale walioisifu rangi." Akaingia shimoni mwake.

Jumbe akajikuna. Mama Sikudhani ndiye aliyekata maneno.

"Hii nyama niliyopika leo," akamwuliza mumewe, "imetoka wapi?"

"Kwa Kunguru."

"Kwa kitu gani?"

Fisi akageuza uso upande wa kihenge.

Mama Sikudhani akafunika masufuria. "Harusi haili," akasema. "Chakula hiki ni cha daraja, kitakwenda kwa daraja. Mwiteni Mnana."

Mnana alikuwa pale, juu ya ngoma moja ya ng'ambo, alikuja kama mgeni. Akaruka akavuka. Ndege hahitaji daraja, ndiyo maana ilikuwa jambo la ajabu kwamba yeye ndiye aliyelijali.

"Nyama hatuli," akasema, "lakini huu wali na huu mtama utatutosha kwa kamba. Nyama mpeni Mamba, atuachie tupite kwake kukata katani. Magogo atabeba Ngiri, na Ngiri naye anakula. Kihenge kina kitu?"

Kihenge kilikuwa na utando wa buibui.

"Basi kila nyumba pishi moja tena," akasema Mnana.

Watu wakaguna. "Tulishatoa," wakasema. "Miaka yote tumetoa."

"Mlimpa Fisi. Daraja hamkulipa. Ukimpa mtu chakula cha mgonjwa ampelekee, akakila njiani, mgonjwa ameshiba?"

"Mimi sitoi," akasema Tembo. "Mimi sivuki. Mzito kama mimi navuka wapi?"

"Na ile chumvi unayolamba kila jioni," akauliza Kanga, kwa sauti ambayo hawakuisikia muda mrefu, "inaruka?"

Tembo akatoa pishi mbili. Hakuna aliyemwambia atoe mbili.

Akina Mnana wakala chakula cha harusi mbele ya wageni wa harusi, na wageni wakameza mate. Kisha wakasuka. Ngiri akabeba magogo. Na Fisi akabeba magogo. Hawakumtupa, Bi Kijakazi alisema fisi aliyetupwa habebi. Alibeba asubuhi, alibeba mchana, gogo zito upande wa nyuma, mpaka kiuno kikashuka na miguu ya nyuma ikafupika, na mtazameni leo, bado hajanyooka. Mawe ya pembeni yakainuliwa pia, na Kobe akayapita yote kuyapima, watu wakangoja sana. Mawe ya njia panda yakapakwa rangi. Nguchiro mwenyewe alilipaka lile la kwa Mamba, mara mbili.

Wakaweka na sheria. Anayelinda kihenge awe wa kwanza kuvuka daraja kila siku ya soko, na wanawe nyuma yake, watu wakitazama. Baada ya hapo waliotaka kulinda kihenge walipungua sana, na waliobaki walikuwa wakiuliza habari za kamba kila wakati.

Daraja lilipokwisha halikuwa jeupe. Lilikuwa rangi ya mti. Wageni hawakuletwa kuliona.

Watu wa ng'ambo wakaja tena, bila chakula cha kuwangoja safari hii. Wakasema baba huyu hafai kukanyaga, akanyage Jumbe.

"Nina baba mmoja," akasema Sikudhani. "Akanyage yeye. Na akanyage kwa mguu wote."

Fisi akaenda mpaka katikati, na kiuno chake kilichoshuka. Akakanyaga mara moja, akasikiliza. Mara ya pili, akasikiliza. Mara ya tatu. Gogo halikusema kitu. Akasema yale maneno ya kusema, kwa sauti ndogo, wengine hawakuyasikia.

Sikudhani akapita. Alipompita babake hakumtazama usoni. Wanawake wakasema ni haya za biharusi. Mimi nasema alikuwa akitazama anapokanyaga, na ndivyo ilivyompasa.

Basi hilo ndilo fundisho, nalisema wazi kwa sababu nawajua. Kinachokubeba, kilishe. Na ukishakilisha, inama utazame kama kimekula. Kumpa mtu nafaka ukaenda kulala si kutengeneza njia, ni kumnenepesha mtu. Na wewe utakayepewa kihenge siku moja, maana mmoja wenu atapewa, kumbuka kwamba daraja halichagui mtoto wa nani.

Ngano yangu imefika ng'ambo. Aliyevuka nayo amevuka?

— Amevuka.

Aliyesinzia?

— Abaki huku.

Abaki huku, aoshe vyombo.